Alfred Hitchcock: Mwongozaji wa Mauaji Yaliyokwenda Mrama



Wapendwa wasomaji, yapo maswali ambayo mwanafunzi wa falsafa hukutana nayo darasani, na yapo mengine ambayo hukutana nayo ukumbini, taa zikiwa zimezimwa na filamu ikiendelea. Mojawapo ni hili: kwa nini watu wema, watu wa sala, wasioweza hata kumtazama kuku anapochinjwa, hukaa saa mbili wakimfuatilia mume anayepanga kumuua mke wake, kisha wakainuka wakiwa wamefurahi? Filamu za namna hiyo zimependwa kwa miaka karibu mia moja. Umbo lake ni lilelile: mtu mwerevu anapanga mauaji, anahesabu kila dakika, halafu kitu kidogo kabisa kinaharibu kila kitu. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Filamu hizi hutuketisha tukaitazama hiyo siku ya arobaini yenyewe, dakika kwa dakika.

Aliyezifikisha kileleni ni Alfred Hitchcock, Mwingereza, Mkatoliki, mwanafunzi wa Wajesuiti. Katika makala hii tunapitia maisha yake tukitafuta jibu la swali letu. Hatumleti mbele yenu kama mtakatifu, na sababu mtaiona. Tunamleta kwa kuwa alijua jambo fulani kuhusu dhambi ambalo sisi tunaojiandaa kukaa siku moja katika kiti cha maungamo, na kila Mkristo anayepiga magoti mbele ya kiti hicho, tunahitaji kulijua.

Mtoto wa muuza mboga

Alfred Joseph Hitchcock alizaliwa tarehe 13 Agosti 1899 huko Leytonstone, mashariki ya London. Baba yake, William, alikuwa na duka la mboga, matunda na kuku. Mama yake, Emma, alikuwa na asili ya Ireland. Walikuwa Wakatoliki katika nchi ambayo Wakatoliki walikuwa wachache, na jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya mtoto ajione tofauti na wenzake mtaani. Alfred alikuwa kitinda mimba kati ya watoto watatu: mnene, mkimya, aliyezoea kucheza peke yake na kupenda ramani na ratiba za usafiri.

Kipo kisa ambacho alikisimulia mara nyingi maishani. Akiwa mtoto mdogo, baba yake alimtuma kituo cha polisi akiwa na kibarua mkononi. Askari alikisoma, akamfungia mtoto selo kwa dakika chache, kisha akamtoa akimwambia kwamba hivyo ndivyo wanavyofanyiwa watoto watukutu. Hitchcock alisema hakuwahi kujua kosa lake lilikuwa nini. Waandishi wa maisha yake wanabishana kama kisa hicho kilitokea kama alivyokisimulia. Kwetu inatosha kwamba alikichagua kukisimulia maisha yake yote. Mtu asiyejua kosa lake, lakini mlango umekwisha kufungwa nyuma yake: huyo tutamwona tena na tena katika filamu zake.

Mwaka 1910 aliingia shule ya Mtakatifu Inyasi huko Stamford Hill, London, iliyoendeshwa na Wajesuiti, akasoma huko hadi 1913. Adhabu ya shule ile ilikuwa kuchapwa mikononi kwa kipande cha mpira mgumu. Mwanafunzi aliyekosa aliambiwa idadi ya viboko, kisha akaachiwa achague mwenyewe saa ya kwenda kuchapwa. Kwa kawaida mtoto huahirisha. Anasema nitakwenda mchana, mchana ukifika anasema jioni, na siku nzima inageuka kuwa adhabu kabla ya kiboko cha kwanza. Hitchcock alikiri kwamba kwa Wajesuiti alijifunza mambo mawili: mpangilio wa kazi na hofu. Yote mawili aliyatumia hadi mwisho.

Kutoka ofisini hadi studio

Baba yake alifariki Desemba 1914, Alfred akiwa na miaka kumi na mitano. Alipata kazi katika kampuni ya Henley iliyotengeneza nyaya za umeme na simu, na jioni alihudhuria masomo. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, hivyo akahamishiwa idara ya matangazo. Kampuni ya Marekani ya Famous Players-Lasky ilipofungua studio huko Islington, London, alipeleka michoro yake na kupewa kazi ya kuchora maandishi yaliyoonyeshwa katikati ya filamu bubu, yale yaliyomweleza mtazamaji kile ambacho wahusika wanasema. Aliingia sinema kwa mlango wa mchoraji, na mchoraji akabaki ndani yake. Maisha yake yote alizipanga filamu kwenye karatasi, picha baada ya picha, kabla kamera haijawashwa.

Katika kazi hiyo alikutana na Alma Reville, mhariri wa filamu, aliyezaliwa siku moja tu baada yake. Alma alijiunga na Kanisa Katoliki, wakafunga ndoa tarehe 2 Desemba 1926 katika kanisa la Brompton Oratory, London. Mwaka 1928 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Patricia. Alma ndiye aliyekuwa jicho la mwisho la mumewe. Inasimuliwa kwamba filamu ya Psycho ilipokuwa tayari kutolewa, yeye ndiye aliyegundua kwamba mwigizaji aliyepaswa kuwa maiti alionekana bado anapumua. Watu wote wa studio walikuwa wamepitwa na jambo hilo.

Filamu iliyomtambulisha ni The Lodger, ya mwaka 1927, kuhusu mpangaji anayedhaniwa kuwa muuaji wa wanawake. Mpangaji huyo hana hatia. Mwishoni umati wenye hasira unamkimbiza, anakwama kwenye uzio wa chuma, pingu zikiwa mikononi, akining'inia huku watu wakimpiga. Mkatoliki yeyote akiiona picha ile anajua imetoka wapi. Mwaka 1929 alitengeneza Blackmail, mojawapo ya filamu za kwanza za Uingereza zenye sauti, na katika miaka ya 1930 akawa mwongozaji maarufu kuliko wote nchini mwake. Mwaka 1939 alihamia Hollywood na familia yake. Filamu yake ya kwanza huko, Rebecca, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1940.

Bomu chini ya meza

Katika masomo ya fasihi tulifundishwa neno taharuki. Hitchcock alilieleza vizuri kuliko vitabu vingi, hasa katika mazungumzo marefu aliyofanya mwaka 1962 na mwongozaji Mfaransa François Truffaut, ambayo baadaye yalichapwa kuwa kitabu.

Chukua mfano wake, tuuseme kwa maneno yetu. Watu wawili wamekaa mezani wakizungumza mambo ya kawaida. Ghafla bomu lililofichwa chini ya meza linalipuka. Mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache, basi. Sasa anza upya, lakini mara hii mwonyeshe mtazamaji bomu tangu mwanzo, na saa ukutani ikionyesha kuwa zimebaki dakika kumi na tano. Mazungumzo yaleyale ya kawaida yanakuwa mateso. Mtazamaji anataka kupiga kelele na kuwaambia waondoke.

Tofauti ni maarifa. Katika mshtuko mtazamaji hajui kitu. Katika taharuki anajua kuliko wahusika, na kujua kunamfanya ahusike. Kwa maana hiyo taharuki ni jambo la dhamiri: anayejua hawezi tena kukaa kama asiyejua. Yule mtoto wa shule aliyesubiri saa ya kiboko alikuwa amekua, na sasa aliwasubirisha watu wa dunia nzima.

Saa, mkasi na ufunguo

Tuchukue filamu moja tuitazame kwa karibu: Dial M for Murder, ya mwaka 1954, iliyotokana na tamthilia ya Frederick Knott. Tony, mchezaji wa tenisi aliyestaafu, ameoa mwanamke tajiri, Margot. Anagundua kwamba mkewe anampenda mtu mwingine, na anaogopa kupoteza fedha. Anamtafuta mtu aliyesoma naye zamani, mwenye maovu ya kuficha, na kumlazimisha awe muuaji. Mpango ni mzuri mno. Tony atakuwa klabuni pamoja na wanaume wengine, mashahidi watupu. Usiku, saa waliyokubaliana, atapiga simu nyumbani. Margot ataamka kuipokea, na mtu aliyejificha nyuma ya pazia atamnyonga.

Kinachofuata ndicho kiini cha filamu zote za aina hii. Kwanza, saa ya Tony imesimama. Anachelewa kupiga, na muuaji anakaribia kuondoka. Pili, Margot katika kupigania uhai anashika mkasi mezani na kumchoma yule mtu, na ni yeye muuaji anayekufa. Mkasi ulikuwa pale kwa sababu Tony mwenyewe alimshawishi mkewe abaki nyumbani akimkatia habari zake za magazetini. Mchimba kisima aliingia mwenyewe.

Lakini Tony ni mwerevu. Anageuza mambo haraka ili ionekane Margot alimuua mtu huyo makusudi, na mahakama inamhukumu mwanamke asiye na hatia kunyongwa. Mpango wa pili unaelekea kufaulu kuliko wa kwanza. Kisha inspekta mmoja mwenye subira anauliza kuhusu ufunguo. Tony alikuwa ameutoa ufunguo mfukoni mwa marehemu na kuurudisha kwenye mkoba wa mkewe akiamini ndio wa nyumba. Kumbe ulikuwa ufunguo wa marehemu mwenyewe. Ule wa nyumba muuaji alikuwa ameurudisha chini ya zulia la ngazi kabla hajaingia ndani. Kitu kidogo kama kidole kinaangusha jengo lote.

Msomaji wa Biblia hatashangaa. Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili wanapanga kumwua Susana kwa ushahidi wa uongo. Wana vyeo, wana umri, wana umati upande wao. Danieli anawatenganisha na kumuuliza kila mmoja ni mti gani uliohusika, na kila mmoja anataja mti wake. Mti mmoja mmoja, ufunguo mmoja: uongo hauwezi kukumbuka kila kitu, kwa kuwa ulimwengu ni mkubwa kuliko kichwa cha mwongo.

Falsafa iliyofichwa kwenye kasha

Kwetu tunaosoma falsafa, filamu inayouma zaidi ni Rope, ya mwaka 1948. Vijana wawili wasomi wanamnyonga mwenzao kwa kamba, wanaificha maiti ndani ya kasha, na juu ya kasha hilo wanaandaa chakula. Kisha wanawakaribisha wageni, akiwemo baba wa marehemu. Hawakuua kwa fedha wala kwa wivu. Waliua kwa sababu ya wazo: kwamba wapo binadamu wa daraja la juu ambao sheria za wema na ubaya haziwahusu, na kwamba hao wana haki ya kuwaondoa walio duni. Wazo hilo walilichota katika mafundisho ya Nietzsche kuhusu mtu mkuu kupita wote, na mwalimu wao wa zamani, Rupert, ndiye aliyelichezea mbele yao kwa maneno ya mzaha.

Filamu ilitokana na tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1929, ambayo watu wengi waliihusisha na mauaji ya kweli ya Chicago ya mwaka 1924. Huko vijana wawili wa familia tajiri, Leopold na Loeb, walimuua mvulana wa miaka kumi na minne ili kuthibitisha kwamba wanaweza kutenda uhalifu usiogundulika. Waligunduliwa kwa sababu ya miwani iliyoangukia karibu na maiti. Katika filamu kitu kidogo ni kofia. Rupert akiwa anaondoka anapewa kofia isiyo yake, na ndani yake zimo herufi za jina la kijana ambaye wageni wote wamemsubiri bila kumwona.

Rupert anarudi, anafungua kasha, na kuona wazo lake limekuwa nini. Anakana kwa nguvu kwamba hakumaanisha hivyo. Tunaamini hakumaanisha. Hata hivyo alisema, na waliomsikiliza walikuwa vijana. Sisi tutakaopewa siku moja ambo na darasa tutafakari hapo. Neno linalotamkwa kwa kupendezesha akili linaweza kukuta masikioni mtu anayetafuta ruhusa.

Tunaomba nani afaulu?

Hadi hapa mtu angesema jibu limepatikana: tunafurahi kwa kuwa haki inashinda. Jibu hilo lina ukweli, lakini lina pingamizi mbili.

Ya kwanza ni ya kihistoria. Hollywood ya wakati ule ilikuwa na kanuni za maadili ambazo rasimu yake ya mwaka 1930 iliandikwa kwa mchango mkubwa wa Mjesuiti, Padre Daniel Lord, na kuanzia 1934 zikasimamiwa kwa ukali na Mkatoliki Joseph Breen. Kanuni hizo hazikuruhusu uhalifu uonekane unalipa. Kwa hiyo muuaji kukamatwa lilikuwa sharti la sheria, awe mwongozaji ana imani au hana.

Ya pili ni nzito zaidi, na ndipo Hitchcock anapotutega. Rudi kwenye saa ya Tony iliyosimama. Wakati anagundua amechelewa na kukimbilia simu, na simu inatumiwa na mtu mwingine, sisi watazamaji tunakuwa tunataka nini? Ukweli ni kwamba tunataka aiwahi. Tunajua ile simu ni ya kifo, na bado mioyo yetu inamhimiza. Katika Strangers on a Train, ya mwaka 1951, muuaji anadondosha kiberiti cha gesi katika mtaro, kiberiti anachotaka kukitumia kumsingizia mtu asiye na hatia. Kamera inatuonyesha vidole vyake vikinyooshwa chini ya chuma, vikikaribia, vikishindwa, na ukumbi mzima unanyoosha vidole pamoja naye. Katika Psycho, ya mwaka 1960, kijana anatumbukiza kinamasini gari lenye maiti ili kufuta ushahidi. Gari linazama, linasimama nusu, na kwa sekunde hizo tunashika pumzi tukiogopa kwamba halitazama.

Hakuna kanuni ya maadili iliyoweza kuzuia sekunde hizo. Mwisho wa filamu uliandikwa kwa sheria, lakini katikati yake mtazamaji alikuwa amekwisha kuwa mshiriki.

Mtakatifu Augustino aliyaona haya zamani. Katika Maungamo anasimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyechukia michezo ya mauaji ya Roma. Rafiki zake walimburuta hadi uwanjani, akafumba macho asione. Umati ulipopiga kelele alifumbua kidogo tu, akanywa ukatili kwa macho, na hakuwa tena yule aliyeingia. Ndiyo maana wapo wanaosema Mkristo asitazame kabisa filamu za mauaji. Hoja hiyo tunaiheshimu, na kwa filamu nyingi za leo zinazomwaga damu kwa furaha ya damu, tunaikubali. Lakini umati wa Roma haukuonyeshwa ulichokuwa unakifanya. Hitchcock anatuonyesha. Anatuacha tumtakie muuaji heri, kisha anatuwekea mbele uso wa anayeuawa. Anayetazama kwa uaminifu anatoka akijua kwamba muuaji hakuwa mtu wa kabila jingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba hata atendaye uovu huutafuta chini ya sura fulani ya wema, na taharuki inatufanya tuione sura hiyo kwa macho ya mkosaji kwa dakika mbili tatu.

Padre aliyenyamaza

Filamu yake ya Kikatoliki kuliko zote ni I Confess, ya mwaka 1953, iliyopigwa Quebec, Kanada. Otto Keller, mtumishi katika nyumba ya mapadre, anamuua mwanasheria katika jaribio la wizi, akiwa amevaa kanzu ya padre ili asitambulike. Usiku huohuo anamwungamia Padre Michael Logan. Watoto wawili wameona padre akitoka mahali pa mauaji. Polisi wanamtafuta padre, na dalili zote zinamwangukia Logan, ambaye marehemu alikuwa na siri inayomhusu yeye na mwanamke aliyempenda kabla ya upadre. Neno moja lingemwokoa. Neno hilo hawezi kulisema.

Msomaji Mkatoliki anajua kwa nini. Siri ya maungamo haivunjwi, kama isemavyo Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa, na padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa kwa kitendo chenyewe. Mapokeo yanamheshimu Mtakatifu Yohane Nepomuseni, aliyetupwa mtoni huko Praha mwaka 1393, kuwa shahidi wa siri hiyo. Watazamaji wengi wasio Wakatoliki hawakuelewa. Waliona padre mkaidi tu, na Hitchcock alisikitika baadaye akisema pengine filamu ile haikupaswa kutengenezwa.

Sisi tunafurahi kwamba ilitengenezwa, kwani inageuza mchezo wake wote. Kwingine muuaji ndiye mwenye siri na mpango. Hapa padre ndiye anayejua kuliko wote, kama mtazamaji ajuaye habari za bomu, ila yeye hawezi kupiga kelele. Hana mpango wowote wa kujiokoa. Mahakama inamwachilia kwa kukosa ushahidi wa kutosha, huku umati nje ukimzomea. Anayeharibikiwa ni Keller, na kitu kidogo kinachomwangusha ni dhamiri ya mkewe, asiyevumilia kuona asiye na hatia akiteswa. Keller anampiga mkewe risasi, naye anakufa kwa risasi za polisi, mikononi mwa Padre Logan anayempa maondoleo.

Miaka mitatu baadaye, katika The Wrong Man, Hitchcock alisimulia habari za kweli za mwanamuziki wa New York aliyekamatwa kwa wizi wa mtu mwingine aliyefanana naye. Mwanamuziki anasali mbele ya picha ya Yesu, na midomo yake ikiwa bado inatembea, uso wa mwizi halisi unatokea na kuingia ndani ya uso wake. Filamu haiwekei muujiza huo maelezo yoyote.

Aliyetaka kutawala kila kitu

Kufikia wakati huo Hitchcock alikuwa mtu anayejulikana kwa sura duniani kote. Kuanzia 1955 alitokea kwenye televisheni akitambulisha visa vya mauaji kwa utani mkavu. Mwaka huohuo alichukua uraia wa Marekani. Vertigo, ya mwaka 1958, haikupokewa vizuri sana ilipotoka, lakini mwaka 2012 wahakiki waliokusanywa na jarida la Uingereza la Sight and Sound waliichagua kuwa filamu bora ya nyakati zote. Ni habari ya mwanamume anayemvisha, kumsuka na kumgeuza mwanamke mmoja ili awe sawasawa na mwingine aliyekufa, na katika kumtawala hivyo anampoteza.

Inasikitisha kwamba aliyetuonyesha ubaya huo hakuuepuka. Hitchcock alipenda kila kitu kifuate michoro yake, na watu pia. Mwigizaji Tippi Hedren, aliyeigiza katika The Birds na Marnie, ameeleza katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2016 kwamba mwongozaji huyo alimsumbua kwa tamaa zake na kumwadhibu kikazi alipomkataa. Katika kupiga The Birds alirushiwa ndege hai kwa siku kadhaa mfululizo hadi nguvu zikamwishia. Hatuwezi kusifu filamu tukafunika jambo hili. Aliyejua kwamba mtu anayewafanya wengine vifaa vya mpango wake huanguka, aliwafanya wengine vifaa. Kujua dhambi ni jambo moja, na kuiacha ni jingine. Kwa kuiacha, sinema haitoshi.

Misa ya sebuleni

Aliteuliwa mara tano kuwania Oscar ya mwongozaji bora na hakuipata hata mara moja. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1976. Mwanzoni mwa 1980 Malkia wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa Sir, wakati mwili wake umekwisha kuchoka na Alma naye akiwa mgonjwa.

Ipo habari iliyoandikwa kwamba mwishoni alikataa mapadre. Mwaka 2012 Mjesuiti mmoja alitoa ushuhuda tofauti wa mambo aliyoyaona. Akiwa kijana, alifuatana na padre mwenzake, rafiki wa familia, hadi nyumbani kwa Hitchcock huko Bel Air, Los Angeles, na Misa Takatifu ikaadhimishwa pale nyumbani. Mzee yule aliyekuwa amekaa miaka mingi mbali na Kanisa alijibu sala kwa Kilatini, kama alivyozoea zamani. Baada ya kupokea Komunyo alilia kimyakimya, machozi yakitiririka mashavuni. Mapadre walirudi mara kadhaa. Hitchcock alifariki tarehe 29 Aprili 1980, na ibada ya maziko ikafanyika katika Kanisa Katoliki la Mchungaji Mwema, Beverly Hills.

Hatujui machozi yale yalisema nini mbele ya Mungu, na si kazi yetu kujua. Tunachojua ni kwamba katika saa zile hakuwa mwongozaji. Hakuwa amechora chochote. Alipokea.

Tulijiuliza kwa nini tunapenda kuona mpango wa mauaji ukiharibika. Tunapenda kwa sababu muuaji katika filamu hizi amejiketisha mahali pa Mungu, akapanga saa za watu kufa, na ndani yetu tunajua kiti hicho kina mwenyewe. Saa ikisimama au kofia ikibadilishwa, tunapumua: ulimwengu haumo mikononi mwa mwerevu huyu. Lakini furaha hiyo ikiishia hapo ni furaha ya Farisayo hekaluni. Inakuwa ya Kikristo pale tunapokumbuka kwamba dakika chache kabla tulimhimiza aiwahi ile simu.

Basi msomaji mpendwa, ukiitazama mojawapo ya filamu hizi, usijiulize tu kama muuaji atakamatwa. Jiulize ni wakati gani ulitamani asikamatwe. Jibu lake lipeleke kwenye sala ya jioni, na likihitaji, kwenye kiti cha maungamo, ambako yupo padre asiyeweza kulisema popote.